Spea halisi za SPARCstation 20: tathmini ya huduma ya madalali wa Marekani

Anayetunza SPARCstation 20, kompyuta ya zamani ya Sun Microsystems, ana njia tatu za kupata spea halisi, yaani zile zilizotoka kwa Sun yenyewe zikiwa na namba yake: kununua kwa dalali wa vifaa vya zamani, kuzipigania kwenye mnada wa eBay, au kununua mashine nzima iliyokufa na kuikata vipande. Nimezitumia zote tatu, lakini tathmini hii inahusu zaidi njia ya kwanza, kwa sababu ndiyo ghali kuliko zote na ndiyo inayoahidi mengi kuliko zote. Kwa asiye na muda wa kusoma hadi mwisho, hukumu yangu ni kwamba dalali mzuri anastahili bei yake pale ambapo thamani ya kipuri imo katika umbo lake au katika programu iliyochomwa ndani yake, na hastahili hata senti moja pale ambapo uhai wa kipuri unategemea kemikali, kama ilivyo kwa betri, kapasita na mpira, hata kama boksi lake halijafunguliwa tangu litoke kiwandani.

Sun ilianzishwa mwaka 1982, na SPARCstation 20 iliingia sokoni mwaka 1994 ikiwa ndani ya boksi bapa lililofanana na yale yaliyotangulia tangu SPARCstation 1 ya mwaka 1989. Ilikuwa mashine ya wahandisi, wachoraji ramani na vyuo vikuu, yenye nafasi mbili za moduli za prosesa, nafasi nne za kadi za ziada za aina ya SBus na memori inayoweza kufika megabaiti 512. Kampuni yenyewe haipo tena: Oracle ilikamilisha kuinunua Januari 2010 kwa takriban dola bilioni 7.4, na kitabu cha vipuri ambacho zamani mafundi wengi walikuwa wakikisoma bila shida kikahamia nyuma ya ukuta wa mikataba ya matengenezo. Hakuna kaunta ya mtengenezaji ambako mtu anaweza kwenda kuagiza bodi ya mwaka 1994. Anayesema leo kwamba anauza spea kutoka kwa mtengenezaji wa asili anauza mabaki ya ghala, na swali la maana si kama spea hizo ni halisi, kwa kuwa mara nyingi ni halisi kweli, bali zimekaa wapi na kwa muda gani.

Kwa bahati nzuri Sun ilikuwa na nidhamu ya namba. Kila kipuri kilipewa tarakimu tatu za aina, tarakimu nne za kipuri chenyewe, na tarakimu mbili za mwisho zinazoonyesha toleo la marekebisho. Namba inayoanza na 501 ni bodi, 300 ni pawasaplai, 530 ni waya, 540 ni kifaa kilichounganishwa tayari, na 370 ni kitu ambacho Sun ilikinunua kwa kampuni nyingine ikakiuza kwa jina lake. Hivyo mtu akikuuzia 501-2325, unajua kabla ya kuona picha kwamba unazungumza naye kuhusu kadi ya picha ya TurboGX. Herufi F ikitangulia namba, kipuri kilikusudiwa mafundi wa matengenezo, na hapo inafaa kukumbuka kwamba ilikuwa kawaida ya watengenezaji wa enzi ile kupokea bodi mbovu kutoka kwa wateja, kuzikarabati na kuzirudisha kwenye mzunguko wa spea. Stika ya Sun, kwa hiyo, haijawahi kuwa uthibitisho wa upya. Ni uthibitisho wa asili tu, na dalali anayechanganya mambo hayo mawili katika tangazo lake anapaswa kuulizwa maswali zaidi.

Hapa ndipo dalali niliyemtumia alipopata alama zake za kwanza. Yuko California, na katalogi yake imepangwa kwa namba kamili pamoja na zile tarakimu mbili za mwisho, jambo ambalo wauzaji wengi wa eBay hawajishughulishi nalo. Tarakimu hizo zina uzito. Bodi kuu mbili zenye namba moja lakini matoleo tofauti zinaweza kuwa na chipu za OpenBoot za matoleo tofauti, na OpenBoot ndiyo programu ya kuwashia mashine inayoamua prosesa ipi itatambuliwa. Mwenye kutaka kufunga moduli za prosesa za hyperSPARC zilizotengenezwa na Ross, kwa mfano, huenda akahitaji toleo la 2.25R, na bodi yenye chipu ya zamani zaidi itamrudisha nyuma hata kama kila kitu kingine ni kizima. Nilipouliza kuhusu toleo, nilijibiwa kwa picha ya chipu yenyewe ikiwa juu ya bodi ambayo ningetumiwa, wala si picha ya bodi yoyote iliyokuwa karibu.

Bei ndiyo inayomshtua kila mtu mara ya kwanza, na kabla ya kulalamika inafaa kuelewa inatoka wapi. Madalali hawa hawaishi kwa kutuuzia sisi wapenzi wa mashine za zamani. Wanaishi kwa hospitali, viwanda na majeshi yenye mitambo ya mamilioni ya dola inayoendeshwa na kompyuta ambayo haiwezi kubadilishwa bila kubadilisha mtambo wote. Mashine za MRI za GE za familia ya Signa ziliendeshwa kwa miaka mingi na kompyuta za SGI, mshindani wa Sun, na meneja wa hospitali ambaye mtambo wake umesimama hatabishana kuhusu bei ya bodi. Sisi tunaingia kwenye duka lililopangwa kwa ajili ya mteja huyo, tukiwa na mfuko mwepesi kuliko wake. Dalali wangu alikubali kushusha bei kwa kiasi cha kuridhisha baada ya kumweleza kwamba natengeneza mashine yangu mwenyewe, na nadhani wengi wao hukubali, maana kipuri kikikaa rafuni hakimletei faida yoyote. Ni vizuri kuuliza kwa adabu na kutaja namba kamili, kwani anayeandika barua akiulizia tu “spea za Sun” huonekana mpita njia.

Jambo la pili lililonipendeza ni majaribio. Kompyuta za Sun zina tabia moja nzuri sana kwa mnunuzi aliye mbali: zikiwashwa bila kibodi, hutuma maandishi yake yote kwenye mlango wa siriali unaoitwa ttya, kwa kasi ya 9600, kwa hiyo muuzaji hahitaji skrini ya zamani wala kibodi ili kuthibitisha kwamba bodi inapumua. Anachohitaji ni waya na kompyuta yoyote ya leo. Niliomba nitumiwe matokeo ya amri ya banner, ambayo huonyesha aina ya mashine, toleo la OpenBoot, kiasi cha memori na anwani ya mtandao, pamoja na matokeo ya probe-scsi, ambayo huorodhesha diski zilizounganishwa, na yote mawili nilitumiwa kabla sijalipa. Naona hiki ndicho kipimo bora kabisa cha muuzaji wa bodi za Sun. Anayesema hana njia ya kujaribu bodi kwa kuwa hana skrini ama haijui mashine anayoiuza, ama anaijua vizuri mno.

Sasa nije kwenye kipuri kilichofanya niandike tathmini hii. SPARCstation 20, kama ndugu zake wa kizazi kile, huhifadhi utambulisho wake ndani ya chipu ya M48T08 yenye miguu 28, iliyochomekwa kwenye soketi. Chipu hiyo ni saa na kumbukumbu kwa pamoja, na betri yake ya lithiamu imefunikwa ndani ya kifuniko kile kile cha plastiki, hivyo haiwezi kubadilishwa bila kukata. Ndani yake mna anwani ya Etherneti, yaani ile ya mtandao, ambayo kwa mashine za Sun za enzi hiyo huanza na 08:00:20, na mna namba ya utambulisho wa mashine ambayo programu nyingi za kulipia zilifungwa nayo. Mtengenezaji wa chipu aliahidi data idumu kwa miaka kumi. Betri ikifa, mashine huwaka ikilalamika kwamba maudhui ya IDPROM, yaani sehemu ya chipu yenye utambulisho huo, si sahihi, anwani ya Etherneti hugeuka kuwa mfululizo wa ff, na mipangilio yote husahaulika kila umeme unapozimwa.

Dalali mwingine, ambaye pia simtaji, aliuza chipu hizi kama “mpya za ghala la asili” kwa bei iliyozidi mara kadhaa ile ya chipu ya aina hiyo kutoka kwa msambazaji wa kawaida wa vifaa vya elektroniki. Niliagiza moja. Ilikuwa halisi bila shaka, ikiwa na stika ya msimbo wa mistari ya Sun mgongoni, na ilikuwa imekufa. Sikushangaa sana, na nadhani msomaji anaona kwa nini: chipu ambayo betri yake ilianza kuhesabu miaka katikati ya muongo wa 1990 ni sawa na dawa iliyokwisha muda, na ubora wa chupa yake haubadilishi kitu. Kuna tofauti ndogo inayostahili kutajwa, kwa kuwa madalali huitumia kujitetea. Chipu inayotoka moja kwa moja kwa mtengenezaji wake husafirishwa ikiwa saa yake imesimamishwa makusudi ili betri isitumike rafuni, na hivyo chipu tupu ambayo haijawahi kuwashwa inaweza kudumu muda mrefu kuliko miaka kumi. Lakini chipu yenye stika ya Sun ilikwisha kupangiwa anwani na saa yake kuanza kutembea, na zile zilizochomolewa kwenye mashine zilitembea kwa miaka mingi zaidi. Kwa hiyo stika ile ile inayoifanya chipu ionekane ya asili ndiyo ushahidi kwamba betri yake imekwisha kutumika.

Ushauri wangu ni kununua M48T08 tupu yenye tarehe ya karibuni, au M48T18, ambayo inatofautiana nayo tu katika kiwango cha volti ambacho chipu hujifunga isiandikwe, kisha kuipanga upya mwenyewe kwa amri ya mkp ndani ya OpenBoot. Kazi hiyo haihitaji kifaa chochote cha ziada. Kabla ya kuitupa chipu ya zamani, soma stika yake na uinakili, kwa kuwa ndiyo itakayokusaidia kurudisha anwani ambayo mashine ilizaliwa nayo. Wapo pia mafundi wanaokata plastiki na kulehemu kishikio cha betri ya kawaida ya duara pembeni, na kazi ikifanywa kwa uangalifu hufaa kabisa, ingawa si ya kumpa mtu anayeshika chuma cha kulehemu kwa mara ya kwanza.

Pawasaplai ziko katikati ya pande mbili za hukumu yangu, umbo na kemikali. Umbo lake na plagi zake ni vya Sun peke yake, na hakuna pawasaplai ya kompyuta ya kawaida itakayoingia pale bila kubadilishwa, hivyo lazima kupata ya asili. Lakini kapasita zilizomo ndani zimezeeka sawa na zile za mashine uliyonayo, hata kama hazijawahi kuonja umeme. Tatizo hili ni baya zaidi kwa zile mashine ndogo za SPARCstation IPC na IPX, ambazo pawasaplai zake za Sony zinajulikana kwa kapasita zinazovuja na kula njia za shaba zilizo chini yake. Dalali wa California aliuza pawasaplai “iliyojaribiwa”, na ni kweli iliwaka, ila kuwaka kwa dakika chache mezani hakusemi mengi kuhusu kapasita ya miaka thelathini. Alipoulizwa kama zimebadilishwa, alijibu kwa uaminifu kwamba hapana. Nampa alama kwa uaminifu huo, na namnyima alama kwa bei, kwa kuwa kipuri ambacho mnunuzi atalazimika kukifungua na kukibadilishia kapasita kinapaswa kuuzwa kama malighafi.

Pale ambapo sina malalamiko ni kwenye vyuma na moduli. Diski za SPARCstation 20 hukaa kwenye fremu ndogo zenye mpini, na fremu hizo ndizo hupotea kwanza, kwa kuwa makampuni yaliyouza mashine zao yalichomoa diski kwa ajili ya usalama wa data na kuzitupa zikiwa na fremu zake. Bila fremu, diski hailingani na plagi ya pini 80 iliyo nyuma. Wapo wanaozichapisha kwa plastiki, na zinafanya kazi, lakini ya chuma ya Sun hukaa imara na haina kitu cha kuharibika ndani yake, na hii ni spea ambayo ningeilipia bila kubishana. Diski yenyewe ni habari nyingine kabisa. Zile zenye jina la Sun zilitengenezwa na Seagate, IBM na wengine, zikapewa programu inayojitambulisha kwa maandishi kama SUN2.1G, na mtu anayejenga mashine ya maonyesho anaweza kuitaka moja kwa ajili ya ukamilifu. Kwa matumizi ya kila siku, diski yoyote ya SCSI yenye plagi hiyo itafaa, au hata vile vibadala vya leo vinavyotumia kadi za SD. Ila kwa CD-ROM uwe mwangalifu: Sun ilihitaji kifaa kinachoweza kusoma kwa vipande vya baiti 512 ili mashine iweze kuwashwa kutoka kwenye diski, na modeli za Toshiba zilizouzwa na Sun, kama XM-4101 na XM-5401, zilifanya hivyo bila maneno.

Moduli za prosesa na memori ndizo zilizonifurahisha zaidi. Memori ya SPARCstation 10 na 20 ina pini 200 na haiwezi kuchanganywa na ya kompyuta za kawaida, na moduli za SuperSPARC kama SM61 ya megahezi 60 au SM71 ya megahezi 75 huuzwa kwa bei inayopanda mwaka baada ya mwaka, kwa sababu wanunuzi wa chuma chakavu huzitaka kwa dhahabu iliyo kwenye pini zake. Moduli niliyoagiza ilifika ndani ya mfuko wa kuzuia umeme tuli, ikiwa na kipande cha sponji juu ya plagi, ndani ya boksi, ndani ya boksi jingine. Kitu kama hiki hakizeeki kwa kukaa. Kikiwa kizima leo, kuna kila sababu ya kutarajia kitakuwa kizima kesho, na hapo ndipo bei ya dalali inapogeuka kuwa ya haki.

Kuhusu kibodi na vipanya nitasema kwa ufupi: kibodi za Type 5 bado zipo kwa wingi, nunua yoyote iliyo safi, lakini usinunue kipanya cha miale cha enzi hiyo bila ubao wake wenye mistari, maana juu ya meza ya kawaida hakitasogea. Na waya wa skrini wa 13W3 wa SGI, ingawa unaingia kwenye tundu la Sun, haukuunganishwa ndani kwa mpangilio ule ule.

eBay ina bei nafuu na ina bahati nasibu ndani yake. Zamani ilikuwa inashindana na maduka ya Bonde la Silicon ambako mtu angeweza kuchambua marundo kwa mikono yake, lakini WeirdStuff ya Sunnyvale, lililokuwa maarufu kuliko yote, lilifungwa Aprili 2018, na mzigo uliobaki umehamia kwenye minada na kwa madalali. Kwa mtu anayeishi Marekani au Ulaya, nafikiri njia bora bado ni kununua mashine nzima iliyokufa, kwa kuwa moja humpa mtu fremu, pawasaplai, memori na skrubu ambazo hakuna dalali anayeziorodhesha.

Kwetu Dar es Salaam hesabu ni tofauti. Mashine nzima ni nzito, na nauli yake ya ndege huzidi thamani yake mara moja, wakati kifurushi chenye moduli mbili na fremu ya diski kinaingia kwenye bahasha nene. Ongeza kodi ya ongezeko la thamani ya 18% ambayo huhesabiwa juu ya bei pamoja na nauli na bima, na utaona kwa nini ni busara kukusanya mahitaji yako yote katika oda moja. Mwombe dalali aandike kwenye ankara namba ya kipuri, maelezo ya wazi kwamba ni sehemu ya kompyuta iliyotumika, na bei halisi uliyolipa, kwani ankara iliyoandikwa “vifaa vya elektroniki” peke yake huvuta maswali ambayo yangeweza kuepukwa. Dalali wangu alifanya hivyo bila kuombwa mara ya pili, na kifurushi kilitoka forodhani bila kufunguliwa. Nitaagiza tena kwake moduli ya pili ya SM71 na fremu nyingine ya diski. Chipu ya saa na kapasita nitanunua mpya kwa msambazaji wa kawaida.